Taa za Njano za Mzee Aristides

Kila mwaka, Desemba ilipoanza, mzee Aristides aliliegesha gari lake likitazamana na ukuta wa ua, akabadilisha balbu za taa za ukungu. Hakungoja ziungue. Majirani wa ghorofa lile la Mchafukoge walimcheka, kwa kuwa Dar es Salaam haina ukungu. Ina joto, vumbi na mvuke wa vyungu vya supu. Yeye aliwajibu kwamba taa zile si za Dar es Salaam. Zilikuwa za Mwika, mlimani Kilimanjaro, ambako familia yake ilikwenda kula Krismasi, na ambako wingu hushuka likajilaza juu ya migomba hata dereva asiione pua ya gari lake.

Sasa mzee mwenyewe amelala huko huko Mwika, katikati ya migomba. Tangu azikwe, gari halijapanda mlima. Binti yake Josepha, mwalimu wa chuo cha uhazili, hulitumia kwenda kazini na kurudi.

Mwaka huu Josepha alitaka kumpeleka mama yake kaburini kwa gari lile lile. Mama Hyasinta hakutaka. Eliasi, mtoto wa dada yake, alikuwa amemshikia kiti kwenye basi na alisubiri jibu kabla ya jioni.

"Mama, gari la baba lipo na mimi naendesha," alisema Josepha asubuhi hiyo ya Jumamosi.

"Unaendesha hapa, kwenye foleni. Kule kwetu mtu haendeshi foleni. Anaendesha wingu."

"Nitaweka balbu mpya. Za njano, kama zake."

Mama Hyasinta alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Kwenye basi dereva simjui. Mikono yake haitanikumbusha mtu."

Hapo Josepha alielewa kwamba kikwazo hakikuwa ukungu. Hata hivyo alichukua mkoba wake akatoka. Moyo wa mama yake hakujua aushike wapi; balbu alijua.

Alikwenda kwa miguu hadi Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, akaingia duka la Ridhiwani, ambalo baba yake alilipenda kwa sababu mwenye duka hakuchoka kumtafutia.

"Taa za fogi?" Ridhiwani alicheka. "Dada yangu, fogi ya Kariakoo ni moshi wa mishikaki. Ile haihitaji taa, inahitaji pilipili."

"Nazipeleka mlimani."

"Ahaa! Mnakwenda kuhesabiwa!"

Josepha alitabasamu. Utani huo hauchakai. Kila Desemba mji mzima huwaambia Wachaga kwamba wanarudi kwao kuhesabiwa, na baba yake alikuwa na jibu lake: kwamba yeye huhesabiwa mara mbili, kwa sababu ya kitambi.

Ridhiwani aliweka balbu nyeupe mezani. "Hizi ndizo habari ya mjini. Unaona mpaka sisimizi anayevuka barabara."

"Nyeupe ndani ya wingu inakurudia machoni. Nataka njano."

Alijishangaa. Maneno yalikuwa ya baba yake, na hata ule ukali mdogo wa mwishoni ulikuwa wake. Ridhiwani naye alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akapanda ngazi, akashuka na boksi lililopauka.

"Za mwisho hizi. Siku hizi hakuna anayeziulizia. Ukiziunguza usije kunililia."

Uani, Josepha alifanya kazi kwa mpangilio. Alizima kila kitu. Alikata usukani hadi mwisho ili tairi limpishe, akalegeza skrubu za plastiki iliyo nyuma ya tairi, akapenyeza mkono mpaka mgongoni mwa taa. Alifungua kifuniko, akachomoa waya, akabana klipu, na balbu ya zamani ikamwangukia kiganjani. Akapita upande wa pili akafanya vilevile. Miaka yote alikuwa akimwangalia baba yake akifanya hivyo, na mikono yake ilionekana kukumbuka kuliko kichwa chake.

"Makubwa! Fundi wa kike!" Bi Mwanamkuu wa chini alitokea jikoni kwake na sahani. Mama huyu, mzaliwa wa Kariakoo, aliijua familia hiyo kabla Josepha hajajua kutembea.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu."

"Marahaba, mwanangu. Fundi hafanyi kazi na njaa. Kula, vingali moto."

Vilikuwa vitumbua. Kumkatalia Bi Mwanamkuu kitumbua ni jambo linalohitaji maelezo ya wiki nzima. Josepha alinawa, akala viwili, akavisifu, akajifuta vidole kwenye suruali. Kisha akachukua balbu ya kwanza, akaipachika, akawasha ili aione kabla ya kufunga kifuniko.

Iliwaka, njano kama kiini cha yai. Lakini alipoinama nyuma ya taa alisikia harufu tamu ya mafuta yanayopata moto, kama kikaango kilichosahauliwa jikoni.

Harufu ile ilimrudisha mbali. Alikuwa mtoto tena, amechuchumaa hapo hapo, na baba yake alikuwa akiusogeza mkono wake taratibu. *Kioo hiki hakipendi vidole, Josepha. Mafuta yakishika moto, kinapasuka.* Kisha mzee alitoa mfukoni kipande cha kitenge cha bluu, akaifunika balbu kama mtu anayembeba kifaranga.

Josepha alikimbilia swichi akazima. Kioo kilikuwa kizima bado. Alifungua sanduku la spana, akapekua mpaka chini. Kitambaa hakikuwemo.

"Mama!" aliita kuelekea roshani. "Kile kitambaa cha baba cha kushikia balbu kiko wapi?"

Bi Mwanamkuu aliacha kutafuna. Kisha ndala zikasikika kwenye ngazi, polepole, ngazi baada ya ngazi. Tangu msiba, Mama Hyasinta alikuwa akitumia mlango wa mbele, ule wa barabarani, ili asipite karibu na gari.

Alikuwa ameshika kitenge cha bluu. Kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi na kukunjwa.

"Kila Novemba ikiisha alikuwa ananiwekea juu ya beseni nikifue," alisema. "Hakuniomba, aliweka tu. Na yeye ameondoka, nimeendelea kukifua. Sijui nilikuwa nakifulia nini."

Josepha alinyoosha mkono kukipokea. Mama yake alimtazama vidole.

"Wewe unanuka vitumbua. Nitashika mimi."

Balbu ilipopoa, Mama Hyasinta aliitoa kwa kitenge, akaifuta kwa spiriti mpaka ikang'aa. Josepha alijilaza kando ya tairi, mama yake akampitishia balbu zikiwa zimefunikwa, moja baada ya nyingine. Klipu zilibana, vifuniko vikafungwa.

Josepha alipoketi nyuma ya usukani aliinua macho, akamwona mama yake amekwisha kusimama ukutani. Hakuna aliyemwambia. Hapo ndipo aliposimama kila Desemba.

Aliwasha. Miduara miwili ya njano ilitua kwenye gauni la Mama Hyasinta.

"Ya kushoto inatazama mbinguni. Ishushe."

Josepha alishuka, akaigeuza skrubu.

"Kidogo tena. Kidogo." Mama akainua kiganja, kama alivyokuwa akimwinulia mume wake. "Hapo."

Simu yake ikaita. Alipokea akiwa bado ndani ya mwanga. "Eliasi, mwanangu. Hicho kiti mpe mwenye shida. Mimi nina dereva."

Alizunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akaketi. Alivuta mkanda, akautazama, akaufunga. Kisha akashusha kioo.

"Hyasinta!" Bi Mwanamkuu alicheka na sahani yake mkononi. "Safari si wiki ijayo?"

"Najaribu kiti."

"Basi msinisahau na mkungu wa ndizi!"

"Utaupata," alijibu Mama Hyasinta, huku akikunja kitenge na kukiweka juu ya dashibodi, mbele ya Josepha. "Nikishahesabiwa."