Ushahidi wa Balozi Jabiri

Maana ya neno "deserving" hatukufundishwa na mwalimu, tuliijua kwa unga. Mwaka ule wa njaa, Jabiri, balozi wa chama wa nyumba kumi zetu hapa Temeke, alirudi kutoka semina nalo mdomoni kama mtoto na pipi. Unga wa njano ulipofika duka la ushirika, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kuchagua. Akisema, "Huyu deserving," mtu alitoka na mfuko wake. Akisema, "Huyu bado," mtu alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Katika foleni ile hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba maana yake ni mwenye kustahili.

Mie nilikuwa bado. Jumamosi za kujitolea kuchimba mtaro sikuonekana, kwa sababu nilikuwa nikipakua magunia bandarini, na nyumbani mke wangu Tunu alikuwa ananyonyesha huku maziwa yamemkauka. Nilimweleza Jabiri yote hayo. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mama yake Jabiri, Bi Mwanaheri, ndiye aliyetupenyezea kibaba cha unga chini ya khanga. Mama wa balozi, akija kwetu kwa kunyatia utadhani mwizi. Hakikutosha. Mwanetu Salumu, yule wa kunyonya, tulimzika kabla mvua hazijaanza, na Jabiri akaja mazikoni kutuhutubia kuhusu kujitegemea. Nilimchukia siku ile na sijaacha.

Mwaka uliofuata akafa yeye, ghafla, presha. Tulipokwisha kumswalia uani kwao, sheikh akatugeukia na kuuliza, kama ilivyo ada, marehemu tunamshuhudiaje. Jibu lake kila mtoto wa Kiislamu analijua: mtu mwema. Msiposema hivyo, mmemwacha maiti peke yake mbele ya Mola wake, na mamaye alikuwa ndani anasikia.

Watu wakatazama ndala zao. Sheikh akakohoa, akauliza tena. Watu wakatazama ndala zao. Nikamwona Bi Mwanaheri nyuma ya pazia la dirisha, nikaukumbuka ule unga wa chini ya khanga.

"Mtu mwema," nikasema. Wenzangu wakaitikia kwa uvivu.

Tuliporudi kutoka makaburini nikaenda kumpa Bi Mwanaheri mkono wa pole. Nikamwamkia, naye akanishika mkono asiniachie. Akaniuliza lile neno la Kizungu la mwanawe lilikuwa na maana gani. Siku zote alilisikia akidhani ni cheo cha chama.

"Ni kustahili, mama. Mtu anayestahili."

Macho yake yakashuka mkekani.

"Kwa hiyo Salumu wako, Marijani," akasema, "alikuwa hastahili?"

Mwanawe alikuwa ameshafukiwa pamoja na ushahidi wangu kwamba ni mtu mwema, na mie sikuwa na namna ya kuufukua.