Barua Moja, Ombi Moja

Mishi Famau hakujua kuomba, alijua kudai tu. Miaka tisa ya kufua na kupika kwenye vila ya watu mtaa wa Al Warqa, huko Uarabuni, akiitikia "ndiyo madam" kutwa nzima, ilimjaza hasira mpaka kooni. Na hasira hizo, jamani, akaenda kuzimwaga kwa mtu asiyemjua: karani wa usajili wa vizazi na vifo huko kwao pwani ya Kenya.

Alichotaka ni jina la mama yake. Baba alikufa Mishi akiwa na miaka mitatu, akalelewa na shangazi, na shangazi kila akiulizwa alijibu, "Mamako alikwenda zake, basi." Sasa shangazi naye hayupo, na likizo ya Mishi inakaribia. Alitaka amtafute huyo mama, amtazame usoni, amuulize: ulinitupa kwa nini?

Januari aliandika kwa simu. "Nyinyi wa ofisini hamna haya! Mnakula mishahara ya bure! Nipeni upesi cheti cha Mishi aliyezaliwa huko kwenu!" Kimya. Akatuma nyingine, kali zaidi. Kimya vilevile.

Juni, siku yake ya mapumziko, alikwenda mtaa wa Discovery Gardens, alikokuwa na kitanda katika nyumba ya kuchangia. Akamsomea barua zile Alfred, jirani wa chumba cha pili. Alfred alikuwa mlinzi wa jengo moja mtaa wa Marina, lakini huko kwao bara alikuwa karani wa kaunti miaka kumi na mmoja. Alicheka mpaka chai ikampalia.

"Dada Mishi, wewe unataka cheti ama unataka vita?"

"Nataka haki yangu!"

"Haki yako haina jina la baba, haina mwaka. Karani atafute Mishi gani, na pwani yote imejaa kina Mishi? Sikia. Barua moja, ombi moja. Salamu kwanza. Majina matatu ya baba, mahali, mwaka, hata kama ni wa kukisia. Halafu mpe njia ya pili: asipokuona kwa jina lako, aangalie watoto wote wa baba yako. Mwisho ushukuru."

Mishi alinuna, lakini aliandika hivyo hivyo.

Jibu lilikuja siku ya nane, akipiga pasi kandura, ile kanzu nyeupe ya sir, mume wa madam. Karani aliitwa Hafiz.

"Assalaam alaykum Bi Mishi. Jina lako halimo. Ila kwa jina la baba, kama ulivyoelekeza, nimeona mtoto mmoja tu wa kike: Ummulkheir Famau Mahfudh. Mama yake, Ikhlas Humam."

Ummulkheir! Mishi alikaa chini, puu. Hilo lilikuwa jina la bibi yake, mama mzazi wa shangazi. Nani kwao angethubutu kumkemea mtoto kwa jina la mamake, "Ummulkheir, njoo nikuchape"? Ni kumvunjia mzee heshima. Shangazi akampa jina la nyumbani, Mishi, na jina la nyumbani likaingia shuleni, likaingia kwenye kitambulisho, mpaka pasipoti.

Akaendelea kusoma.

"Naona ni wajibu wangu kukueleza. Bi Ikhlas alikuwa akija hapa kila mwaka baada ya Idi, akimtafuta mwanawe Ummulkheir. Alisema alipotoka eda ya mumewe alikuta wifi yake amehama na mtoto. Kila mwaka aliniomba nimwangalie mtoto kwenye daftari la vifo, na ombi lake nililiweka kwenye faili. Nikimwambia hayumo, husema alhamdulillahi, akarudi zake. Mwaka huu alikuja Aprili, akishikiliwa mkono. Alifariki mwezi wa Mei. Barua zako za mwanzo nilizipata, lakini sikuwa na pa kuanzia, maana hazikuwa na jina la baba. Pole sana."

Januari. Mama alikuwa hai Januari! Aprili alisimama kwenye kaunta ileile, na barua ya bintiye imo ofisini humo, imejaa matusi, haina jina la baba. Mishi alijishika mdomo, mdomo ule ule uliomponza. Moyo ulimuuma hasa. Pasi ilikuwa ikiunguza kandura na moshi unapanda.

"Mishi!" Madam aliita mara tatu. Hakuitika.

Wiki iliyofuata aliketi tena na Alfred. Alfred hakucheka. "Barua moja, ombi moja," alimkumbusha, polepole.

Mishi alikuwa na mengi ya kuomba. Cheti cha kifo. Kaburi liko wapi. Picha, kama ipo. Aliyaacha yote, akaandika:

"Assalaam alaykum Bwana Hafiz. Nakuomba jambo moja. Kwenye faili la Bi Ikhlas Humam, pale alipoomba kutafutiwa mwanawe, tafadhali andika kwamba amepatikana. Ahsante sana. Ni mimi, Ummulkheir."