Fundi Nyuma ya Pazia

Bi Sheikha alimjua fundi Hafiz kwa sauti na kwa vidole vya miguu tu, maana ndivyo vilivyoonekana chini ya pazia. Alikuwa mjane wa wiki tatu, yumo ndani ya eda, na mwanamume asiye maharimu haingii chumbani mwake hata awe fundi wa namna gani. Kompyuta ya mkononi ya marehemu, iliyokwisha teremshwa kutoka chumba cha juu, nayo hakukubali itoke kwenda dukani Mkunazini. Kwa hiyo fundi alikaa ukumbini, atengeneze kwa maneno, na mikono iwe ya Bi Sheikha.

Aliyeifikisha kwenye ubovu ni wifi yake, Mwanakheir. Siku ya msiba alifunika vioo vyote vya nyumba kwa kanga, kama walivyofanya wakubwa zake, mjane asije akajitazama. Alipofika chumba cha juu alimofia kaka yake Thuwaini, akaikuta kompyuta iko wazi, kioo cheusi, na uso wake mwenyewe umo ndani. Akaifunga upesi, akaitandikia kanga nayo. Siku ya tatu Bi Sheikha alipoifungua, vitufe viliwaka, feni ikavuma, kioo kikabaki giza. Na tangu hapo, kila ikifika alasiri, mashine ile iliamka yenyewe ndani ya giza lake ikaadhini, kwa saa aliyoitega Thuwaini. Mara ya kwanza Mwanakheir alikimbia akaacha kiatu kimoja ngazini.

Mwanakheir alitaka izimwe, basi. Bi Sheikha hakutaka kusikia. Thuwaini alifariki akiandika, na kwa siku nne kabla ya hapo alikuwa hamsemeshi mkewe. Bi Sheikha alikuwa amemsafirisha binti yao, Lamya, kwenda kusoma Uhindi kwa siri, akamwambia baba mtu ndege ilipokwisha ruka. Ikawa mume juu, mke chini, na chakula kinapanda na sinia bila ya salamu. Kisha akafa. Mke aliyeachwa na mumewe bila ya radhi anajua mwenyewe analala vipi, na Bi Sheikha alikuwa halali kabisa. Kama alimsamehe au alikufa na kinyongo, jibu limo mle ndani.

"Kitufe cha kuzimia usikiguse," alisema Hafiz. "Ukiizima, alichoandika bila ya kuhifadhi kinapotea chote. Taa za vitufe zinawaka?"

"Zinawaka, mwanangu."

"Basi haijafa. Ililala, ikaamka vibaya."

"Astaghfirullah," alinong'ona Mwanakheir kutoka pembeni ya kitanda. "Wifi yangu, izime hiyo."

Hafiz alimtajia vitufe vinne vya kubonyeza kwa pamoja. Bi Sheikha akavitafuta kimoja kimoja, akavibana. Kompyuta ikalia ti, kisha kimya. Kioo giza. Alijaribu tena mara tatu.

"Funga madirisha," Hafiz akasema mwishowe. "Washa tochi ya simu, uimulike kwa ubavu, karibu na kioo. Pengine taa ya ndani ya kioo ndiyo iliyokufa, na maandishi yapo palepale."

Yalikuwapo. Yalijitokeza ya kijivu, membamba, kwenye duara dogo la mwanga kama kisahani, na tochi iliposogea kidogo yakazama tena. Bi Sheikha aliyasoma neno baada ya neno, midomo ikimcheza.

"Lamya mwanangu. Soma, radhi zangu unazo. Na mamako nshamsamehe tangu juzi, ila nnaona haya kushuka baada ya kelele zote nilizopiga. Nnamsikia huko jikoni. Akiniita tu, hata kwa jambo la uongo, nitashuka. Leo kama"

Hapo pakaishia.

Mchana ule wa kifo Bi Sheikha alikuwa amekwisha pakua. Alisimama chini ya ngazi na jina la mumewe mdomoni, kiburi kikamrudisha jikoni. Akajiambia, na aanze yeye mume. Alipopanda na sinia, alimkuta amelalia meza. Sasa radhi alizitafuta, amezipata, na zilimuuma kuliko kuzikosa. Saa nzima mtu amekaa juu anasubiri kuitwa, na yeye chini anasugua sufuria iliyokwisha safika.

"Bi Sheikha, umeona kitu?" aliuliza Hafiz.

"Nshaona."

"Alhamdulillahi. Basi tuhifadhi kwanza." Akamtajia vitufe viwili, naye akavibonyeza.

Kisha Bi Sheikha akaiweka kompyuta kitandani, akainua uso kuelekea darini.

"Baba Lamya!" aliita, kwa sauti kubwa kamili ya kuitia mtu aliye juu. "Baba Lamya, shuka! Chakula kinapoa!"

Ukumbini kiti cha Hafiz kiligonga ukuta. Mwanakheir alimrukia akamkumbatia, analia, anamwambia wifi yangu taja Mungu, wifi yangu usinifanyie hivi. Bi Sheikha akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu, anyamaze, kwa sababu alikuwa anasikiliza ngazi.