Ufunguo wa Pikipiki kwa Mikorosho ya Mama

Mume wangu Mwishehe akishika hoja haiachii hata chakula kikiwa mezani. Mwaka huu hoja yake ilikuwa mikorosho yangu kumi na miwili, aliyonipandia marehemu mama hapa kijijini kwetu, nje ya mji wa Kisarawe. Miaka mitatu mfululizo mvua ilinyesha wakati usio wake, maua yakapukutika, korosho hatukuziona. Mwishehe akaamua tuikate, tuchome mkaa.

"Mvua ni ya Mungu," alisema. "Akiamua kuibadilisha, nani wa kumhoji? Mikorosho hii haizai tena."

"Mvua wameivuruga watu," nikamjibu. "Na wewe na matanuri yako ya mkaa umo!"

Tulibishana wiki nzima, mpaka ugali ukawa unapoa mezani. Mwisho tukakubaliana, na mimi kwa ubishi wangu nilikubali upesi mno: aje bwana shamba aamue. Akisema ni kazi ya Mungu, mikorosho ikatwe. Akisema ni ya watu, ibaki.

Bwana shamba wetu ni Tito, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Wazaramo. Mtani anakutukana mchana kweupe na wewe unacheka. Akichukua kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Alifika Jumamosi kutoka kwake Kisarawe na pikipiki yake, hata maji hajanywa, Mwishehe akamkabili.

"Haya, sema. Mungu au watu?"

Tito akakuna kidevu. "Hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani, hata kabla watu hawajawa wengi. Hilo ni kweli, mzee." Nikaigeukia mikorosho yangu. "Lakini joto la miaka hii wataalamu wamelipima. Sehemu kubwa kabisa ni sisi watu. Mafuta tunayochoma, misitu tunayofyeka."

"Watu gani?" Mwishehe akaruka. "Tanuri langu moja na foleni ya malori pale Maili Moja kwenye barabara kuu, wapi kuna moshi mwingi? Mbona wale hamwendi kuwasimamisha?"

Hoja ilikuwa ya kweli. Basi Tito akafanya anachofanya mtani aliyezidiwa maneno: akalinyakua shoka pale mlangoni.

"Hili nimeliteka! Nyie Wazaramo mkiachiwa shoka mtakata hata nguzo za nyumba, mradi mpate moto wa kupashia ngoma."

Mwishehe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akachomoa ufunguo wa pikipiki.

"Na huu nimeuteka mimi. Si umesema mafuta? Nipe shoka nikupe ufunguo. Hutaki, tembea. Babu zako walitoka Tabora mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu begani, Kisarawe itakushinda?"

Kilomita tisa, mlima mtupu, jua la saa saba. Tito akautazama ufunguo, akanitazama na mimi. Niliinamisha uso, nikijua mikorosho ya mama imekwisha.

Akakunja suruali, akaweka shoka begani, akaondoka kwa miguu.

"Atarudi," Mwishehe akasema.

Tukala, hajarudi. Alasiri, hajarudi. Mume wangu akawa anakwenda barabarani, anachungulia, anarudi.

"Hivi yule kijana," akaniuliza kwa sauti ndogo, "anaamini kweli hayo aliyoyasema?"

Kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kumshinda.

Kesho yake asubuhi Mwishehe akaisukuma pikipiki mpaka Kisarawe, kilomita zote tisa, maana kuendesha hajui, na kumwomba mtu amwendeshee aliona aibu. Nilimfuata nyuma nikimcheka njia nzima. Tulimkuta Tito barazani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, shoka limelala pembeni.

Mwishehe akampa ufunguo. Akavua makubazi, akaketi, akatumbukiza miguu yake katika beseni lilelile.

"Sogea, mtani," akasema. "Mlima ule una laana."

Shoka hakuliulizia. Tulirudi nyumbani mikono mitupu, nami nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.