Meza Iliyofika Chwele

Siku ya soko, Sellah Wabwile alipofika Chwele na gunia lake la vitunguu, alikuta meza ndefu imelala katikati ya soko. Ilitokea upande wa Suam, mpakani, ikavuka barabara, ikaishia pale pale anapouzia. Ilikuwa ya mbao nzuri, imepigwa vanishi. Mwisho wake wa pili ulikuwa katika jiji moja la ng'ambo, ambako wajumbe wa mataifa makubwa walijadili sheria za akili bandia. Sellah akaipangusa, akapanga vitunguu.

Wajumbe walisikika vizuri. Mmoja alisema sheria kali zitamfaidi mpinzani wake. Mpinzani akasema sheria legevu zitamfaidi huyo huyo aliyesema. Wa tatu aliomba chai.

Sellah alikuwa na lake. Wiki iliyopita alikwenda kuchukua mbolea kwenye ghala moja Kitale, ambako siku hizi mashine kutoka ng'ambo ndiyo hutambua wakulima kwa kuwasikia wakitaja majina yao. Alitaja jina lake mara nne, kwa lafudhi yake ya kugeuza l kuwa r: "Serah Wabwire." Mashine ikamjibu kwa upole kwamba mtu huyo hayupo. Na mvua zilikuwa zimekaribia.

"Si uwaulize, bana," alisema rafiki yake Chepkemei, muuza viazi kutoka Kitale. "Meza si imefika hapa?"

Sellah akainama. "Wakubwa, mashine ikikosea, tunararamika kwa nani?"

Swali lilisafiri juu ya mbao kwa saa mbili. Lilipofika, wajumbe walimgeukia mkalimani. Mkalimani alisema lafudhi hiyo haimo kwenye orodha yake. Mwenyekiti akamshukuru mzungumzaji, wote wakapiga makofi, kisha wakapitisha kwamba mashine zilizokwisha kupelekwa katika nchi zisizo na kiti kwenye meza hiyo zitaendelea kama zilivyo.

"Ati wamenipigia makofi!" Sellah alisema, na wawili hao wakacheka mpaka vitunguu vikaanguka.

Kesho yake walikwenda ghalani pamoja. Chepkemei akasimama mbele ya mashine, akasema, "Sellah Wabwile," kila herufi mahali pake. Mashine ikamkaribisha, mifuko miwili ikatolewa. Mwaka huo mahindi ya Sellah yalikuwa marefu kuliko yote kwao Sirisia.

Meza haikuondolewa; wauza nyanya nao walihamia hapo. Na kila msimu Chepkemei huacha viazi vyake akaenda Kitale kuwa Sellah kwa dakika moja. Sellah mwenyewe husimama nyuma yake, mdomo ameufunga, maana akikohoa tu, mashine huuliza huyo mwingine ni nani.