Kidole Gumba cha Mwalimu Mkuu

"Baba, nani alikufundisha kuweka kidole gumba hapo?"

Swali limemtoka kabla hajalitafuna, na simu inarekodi, imeegemezwa kwenye kamusi juu ya meza, kidoti chekundu kinawaka, dakika ya nne na sekunde kumi na mbili, na fomu ya wale wanaotafuta walimu wa gitaa wa mtandaoni imesema wazi, video moja isiyokatwa, mwanafunzi awe hajawahi kushika gitaa maishani, mwisho wa kutuma saa sita mchana leo, na sasa ni saa tano na nusu, na mwanafunzi ni baba yake mzazi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyetangazia nyumba nzima miaka yote kwamba gitaa ni la walevi na watu wasio na kazi, huyo hapo, ameambiwa abane uzi mmoja tu kwa kidole cha shahada, na kidole gumba kimepanda juu ya shingo ya gitaa, kimejikunja, kimekamata uzi mnene kwa upande wa pili na kutulia pale kama mwenye nyumba... hakuna anayeanza hivyo, anayeanza hushika shingo ya gitaa kama anakaba kuku, yeye mwenyewe ilimchukua miaka miwili kukifikisha kidole pale, "Kimejiendea tu," anasema baba bila kuitazama simu, kimejiendea, hee, kama lile gitaa la kwanza lilivyojiendea, alikuwa na miaka kumi na saba, akarudi kutoka shule akalikuta sakafuni shingo imevunjika, na baba akasema limeanguka kutoka juu ya kabati, na kesho yake akarudia bila kuulizwa, limeanguka, na yeye alikuwa amelilaza uvunguni mwa kitanda, kitu kilicho uvunguni kinaangukia wapi, jamani, "Nyie huko, mmekufa?" mama anaita kutoka jikoni, "mbona kimya, somo limeisha?" "Bado, mama!" bado, ndiyo kwanza linaanza, chuo alikwenda, takwimu alisoma kama alivyoagizwa, joho alivaa, picha ile pale ukutani, na gitaa aliendelea kujifundisha kwenye bafu la bweni, gitaa la kuazima, huku wenzake wakigonga mlango na ndoo mkononi, na fomu imeuliza una cheti cha muziki, akaandika sina, imeuliza tusimulie safari yako ya kimuziki kwa maneno mia mbili, safari, utadhani alipanda ndege, akaandika manne, najua kupiga, najua kufundisha, waridhike au wasiridhike... angeweza kuifuta video hii, nusu saa inatosha, fundi cherehani wa hapo chini ameshasema yuko tayari kufundishwa na huyo hata redio hajui kuwasha, aseme tu asante baba, kapumzike, na nyumba iendelee kuliamini kabati, ndivyo wanavyoishi humu, watu wazima na digrii zao wanaamini kabati... hapana, hafuti, hata sekunde moja hafuti, walitaka kujua kama anaweza kumsoma mwanafunzi mikono, basi ameisoma, wamnyime kazi wakipenda, inakwenda hivihivi, pamoja na kelele za sufuria za mama, na tazama, mkono wa kulia wa mzee umeshuka juu ya nyuzi zote, polepole, sauti zimepatana zote, hakuna uzi uliokoroma, na yeye haulizi tena, amekunja mikono kifuani, anamngoja kama huyu mzee alivyokuwa akiwangoja watoto wakaidi ofisini kwake, anaufahamu ukimya huo, amelelewa nao.

"Nilipiga kwenye bendi miaka minne," baba analiambia gitaa, "kabla sijamjua mama yako. Nikaacha. Halafu nikawa nakusikia wewe chumbani... ulikuwa unanizidi."

"Endelea, baba."

Kidoti chekundu kinawaka. Kidole gumba kipo palepale.

"Halikuanguka, mwanangu. Nililivuta uvunguni nikalivunja kwa goti."