Ganda Lililonasa kwenye Kalibu ya Orvin

Shemeji yangu Orvin ana vipaji viwili: kutengeneza risasi zake mwenyewe, na kuwatangazia watu kwamba anatengeneza risasi zake mwenyewe. Hicho cha pili ndicho alichobobea. Kaa naye mgahawani, kahawa haijapoa utakuwa umeshaambiwa kwamba risasi za dukani ni za wavivu, watalii na watu wa California, na kwamba bunduki yake haijaonja hata moja tangu amwoe dada yangu Twyla.

Kila mwaka, Ijumaa ya kuamkia msimu wa kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, anafungua mlango wa gereji na kuifanya kazi hiyo hadharani. Twyla anapika sufuria kubwa ya maharage na nyama ya kusaga yenye pilipili, anaoka mikate ya mdalasini ya kuchovya humo, na nusu ya bonde letu hapa Montana inajazana kula na kutazama. Mimi sikosi. Penye watu wengi, chungu jikoni na mwanamume anayejisifu, hata kwa magongo nitafika.

Mwaka huu kulikuwa na jambo zito. Orvin alishinda bahati nasibu ya kibali cha dume la elki kule mgongoni mwa mlima, kibali alichokuwa akikiomba tangu ana nywele. Kesho alfajiri ndiyo siku yenyewe. Na risasi hana hata moja, maana bwana mkubwa hutaka ziwe mbichi, kama mkate.

Kazi yenyewe si uchawi. Risasi ikipigwa linabaki ganda la shaba, limevimba kwa mlipuko. Unalipaka mafuta kidogo, unavuta mkono wa mashine, ganda linasukumwa ndani ya kalibu ya chuma na kubanwa lirudi umbo lake. Hapo hapo sindano iliyo katikati ya kalibu inaitoa kwenye kitako ile fataki iliyokwisha kulipuka, kile kifuniko kidogo kinachowasha baruti. Baada ya hapo ni fataki mpya, baruti, kichwa cha risasi, na majigambo.

Maganda ya kwanza yalitoka yana vibonyeo begani, karibu na shingo.

"Orvin, haya yamepigana na nani?" akauliza Dub, mtu wetu wa kugawa barua, mdomo umejaa mkate.

"Mafuta yamezidi kidogo," Orvin akasema.

"Kidogo? Maganda unayakaanga, bwana. Twyla, mletee mumeo chumvi!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, pengine kuliko wote. Orvin akanuna, akachukua kitambaa, akaanza kuyafuta maganda yaliyobaki kwa hasira, moja moja, mpaka yakang'aa. Akachomeka moja kutoka boksi la pili. Akavuta.

Likaingia likilia kama mlango wa ghala. Halikutoka.

"Sasa umelifuta mno," Dub akasema, taratibu, kama mtu anayesoma salamu za rambirambi.

Orvin alining'inia kwenye mkono wa mashine kwa uzito wake wote, na si uzito wa kuchezea. Kikasikika "tak!" Ukingo wa kitako ukakatika, ganda likabaki ndani ya kalibu kama jino bovu. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Shemeji yangu akachukua nyundo na bisibisi, akaipiga ile kalibu kutoka juu mpaka sindano ikapinda.

"Jamani," nikasema, "tumwite Lyle."

 Lyle Tveit alifanya kazi karakana ya vyuma maisha yake yote na ana vifaa vya kutoa ganda lililonasa. Ila yeye na Orvin hawasemeshani tangu Lyle alipotamka mgahawani kwamba risasi za Orvin ni nzuri sana kwa kutazama.

"Ardith, ukithubutu kumpigia huyo mtu—" Orvin akaanza.

"Ameshafika barabarani, shemeji." Nilikuwa nimempigia simu kabla nyundo haijatua. Mtu haachi nafasi kama hiyo ipite.

Lyle akaingia, akavua kofia kwa Twyla, akapokea bakuli, akala nusu, ndipo akaiangalia mashine. Akaifungua kalibu na kuigeuza juu chini. Akavaa miwani akasoma jina la kiwanda kwenye kitako cha lile ganda.

"Orvin, tangu lini unanunua za kiwanda hiki?"

"Mimi sinunui chochote. Unalijua hilo. Dunia nzima inalijua."

"Dunia inalijua, ganda halijui." Akatia kidole kwenye kikombe kilicho chini ya mashine, akaokota ile fataki iliyotoka mwisho. "Ona hii pete nyekundu. Ni rangi wanayopaka kiwandani. Hii imetoka dukani moja kwa moja, na imepigwa kwenye bunduki yenye chemba pana, pale risasi inapokaa. Ndiyo maana ganda limenenepa hivi."

"Haiwezekani. Boksi hilo ni maganda ya—"

 Gereji nzima ikamgeukia Twyla. Bunduki yake ni ya kipimo kilekile, kuukuu, aliyoachiwa na baba yetu. Orvin humpa risasi kila msimu, yeye humrudishia maganda matupu, na friza haijawahi kukosa nyama.

Twyla akaweka upawa chini. "Miaka yote nilinunua za kiwanda kilekile unachotumia maganda yake. Mwaka jana ziliisha dukani, nikachukua za kiwanda kingine."

"Miaka yote?" Orvin akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua kimo.

"Tangu msimu wetu wa pili. Dume lilisimama mbele yangu, karibu kama hilo gari. Nikavuta. Kimya. Nikaweka nyingine uliyonipa. Kimya. Lile dume lilinitazama kama linanihurumia."

"Uliniambia ulikosea shabaha!"

"Ulikuwa umewaalika watu, Orvin. Ulikuwa unafurahi."

Mimi, dada yake wa tumbo moja, ninayejua nani bondeni ana meno ya bandia, sikuwahi kudokezwa. Hilo nitalizungumza naye siku yake.

Lyle akatoboa kitako cha lile ganda, akachonga njia ya skrubu, akakaza bolti taratibu mpaka ganda likatoka likipiga mluzi. Akamulika ndani ya kalibu kwa tochi. "Ganda limetoka. Ila bisibisi yako imechimba mtaro humu ndani. Kila utakalolipitisha litakwaruzika. Usiku huu hutengenezi kitu."

"Ninalo boksi zima la dukani," Twyla akasema. "Lichukue. Hakuna atakayesema."

Aliyasema hayo mbele yangu na Dub. Mapenzi humfanya mtu asahau mengi.

"Afadhali nibaki nyumbani," Orvin akasema, akakaa juu ya ndoo. Kibali cha maisha yake kilikuwa mfukoni, na alisema kweli. Angebaki.

Twyla akamtazama kidogo, akaenda kwenye friza kubwa, akafukua mifuko ya maini, kitu ambacho Orvin hakigusi hata kwa fimbo. Chini yake akatoa mkebe wa kahawa, akaugongesha mezani. Ulijaa risasi zenye barafu, kila moja imetengenezwa na Orvin.

"Sikuweza kuzitupa," akasema. "Ulizifanyia kazi."

Orvin alizishika kama mtu aliyekutana na watoto wake gerezani. Mwisho akamgeukia Lyle, mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumtazama usoni. "Baridi inaziharibu?"

"Baridi haina neno," Lyle akasema. "Fundi ndiye sina hakika naye."

Hata Twyla alicheka. Orvin akausukuma mkebe kwa mkewe. "Nichagulie wewe."

"Na zikigoma?"

"Zikigoma, na mimi nitaona ulichokiona."

Akamchagulia nne, akazipangusa kwa aproni, akazitia kwenye mfuko wa shati la mumewe.

Jumamosi kabla ya chakula cha mchana gari lao likaingia mjini, pembe zimechomoza nyuma kama mti uliopukutika majani. Twyla alinisimulia jikoni. Ya kwanza iligoma. Orvin akabaki kimya, bunduki begani, mdomo umefungwa. Nusu dakika nzima mdomo wa Orvin umefungwa, laiti ningekuwepo. Dume halikuondoka. Akaitoa, akaweka ya pili. Hiyo ikalia, likaanguka.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Samahani.'"

"Kwa elki?"

"Kwangu, Ardith."

Ile iliyogoma haitajwi. Mgahawani, toleo rasmi ni risasi moja, mnyama mmoja, na Lyle anakaa meza hiyohiyo akitikisa kichwa. Twyla sasa hununua boksi lake mchana kweupe. Siri ya ushindi, kwa mujibu wa Orvin, ni kuzilaza risasi kwenye friza kwa miaka kadhaa.

Dub ameshazilaza zake. Mkewe alikuja jana kunilalamikia kwamba maini yake hayana pa kukaa. Nikamwekea kahawa, nikamwambia aanze mwanzo, na asiruke kitu.